Mpira wa Mkono wa Kulia

Aliyenivunja mkono wa kushoto ni fundi pikipiki wa Usagara, Tanga mjini. Jina lake silitaji, lakini wanaopita kona ile wanamjua: mzee mwembamba wa kofia iliyoshonwa kwa mkono, banda la mabati lililopakwa bluu, redio imefungwa dirishani kwa ukanda wa tairi. Aliyemsaidia ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Huyu hakunigusa hata kwa kidole. Alichofanya ni kukaa miaka sita akiwaambia watu kwamba nilijivunja mwenyewe.

Mimi shule niliacha darasa la tano, na kazi yangu ni ushonaji. Sijui kuandika kwa mafumbo, kwa hiyo naandika jinsi ilivyokuwa.

Pikipiki yenyewe ni ya marehemu baba. Ni ya Kiingereza, nyeusi, imenizidi umri, na nimeshapita hamsini. Ilikuwa mali ya shamba la mkonge upande wa Mwera, wilaya ya Pangani. Baba alikuja pwani kutoka bara kukata mkonge, Mlutheri wa kuimba sauti ya nne kwenye kwaya, akapanda mpaka akawa tarishi. Kazi yake ilikuwa kuzungusha vitabu vya mahudhurio kambi hadi kambi, na pikipiki ile ndiyo miguu yake. Shamba lilipokufa meneja alimwachia, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuiwasha. Ina tabia zake. Ukiipiga kiki bila kuibembeleza inakurudishia teke la muundi.

Baba alikuwa na utaratibu mmoja ambao jirani zetu wa kambini waliucheka. Kila masika yakiisha aliivua pikipiki mipira yote. Wa usukani, kulia na kushoto. Ya kukanyagia. Wa kiki. Ile miwili ya ubavuni mwa tangi, ya kubania magoti. Akaitia kwenye beseni la mama la kufulia, maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akaisugua kwa brashi kama soksi za watoto. Mama alilalamika kila mwaka kuhusu beseni lake, na kila mwaka beseni likaenda.

Kurudisha ndiko kulikokuwa na kanuni. Bomba la usukani alilifuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Halafu akalowesha ndani ya mpira kwa maji ya sabuni, kidogo tu, akausukuma kwa mkupuo mmoja bila kupumzika, maana ukipumzika katikati unakwama. Kisha haiguswi pikipiki mpaka kesho yake, maji yakauke, mpira ulishike bomba. Mafuta yalikuwa mwiko. Si grisi, si oili, si ya kupikia. Alisema mpira ukinywa mafuta unalewa, na mlevi hamshikilii mtu.

Kesho yake alimwita mama. Mama yangu alikuwa mwanamke wa Kibondei, mikono ya kutwanga, na baba alimtumia kama kipimo.

"Vuta."

Mama anafunga kanga kiunoni, anaukamata mpira kwa mikono miwili, anavuta mpaka pikipiki inatikisika juu ya standi.

"Vuta tena."

"Baba nanihii, siku nitakayoung'oa huu mpira nitakupikia na wali."

"Ukiung'oa wewe ni afadhali. Uking'olewa na barabara mimi wali sitaula."

Kaka yangu hakuwahi kusimama pale hata mara moja. Alikuwa anacheza mpira wa miguu. Nataka hilo lijulikane.

Nilijifunza kuiendesha nikiwa msichana, kwenye njia za katikati ya mkonge, baba amekaa nyuma amenyamaza. Alipokuwa mgonjwa alisema mbele ya kaka na mbele ya mchungaji kwamba pikipiki ni yangu. Kaka alikuwa ameshahamia mjini ana kazi yake, hakubisha. Nikawa nashona sare za shule Mwera, nazipeleka mwenyewe mpaka Mkwaja, napima watoto huko, narudi. Watu walinizoea. Wazee walinipungia. Wanaume wachache walinipigia mluzi, nikawapita.

Sasa kosa langu. Ninalo, nalitaja, nisije nikaonekana nawasema wengine tu. Mwaka wa ajali baba alikuwa ameshakufa, mipira ya usukani ilikuwa imepasuka, shule zilikuwa zinafungua, na mimi nina viroba vya sare vya kupeleka. Nikaja Tanga kununua vitambaa, nikafikia kwa kaka, hapo hapo Usagara. Nikamwambia nimepata mipira mipya, ya bodaboda za siku hizi, nitaivalisha mwenyewe jioni.

Kaka akaangalia kucha zangu. "Wewe nawe. Peleka kwa fundi pale kona. Hiyo ni kazi ya kiume, utajichafua bure."

Nikapeleka. Hilo ndilo kosa langu, kumsikiliza.

Fundi aliipokea vizuri. Nilimpa shikamoo, akasema marahaba mama, akaizunguka pikipiki mara mbili akiisifia. Ile mipira ya bodaboda ina tundu jembamba kuliko bomba la pikipiki ya zamani. Akajaribu, ikagoma. Akajaribu tena, jasho likamtoka. Nikamwambia, "Fundi, marehemu baba alitumia maji ya sabuni." Akacheka. Akasema, "Mama, kila fundi na maji yake. Nenda kanunue uzi wako, ukirudi utakuta kazi imekwisha."

Nikaenda. Sikukaa sana. Niliporudi mipira ilikuwa imeingia yote miwili, imenyooka, imefutwa inang'aa. Fundi amekaa kwenye kibao chake, amepandisha suruali mpaka magotini, anajipaka viwiko na miundi. Ngozi inameta. Nikamtania.

"Fundi, unakwenda harusini?"

"Mafuta hayatupwi, mama. Mkono ukishaingia mafuta, unamalizia mwilini."

Nikacheka na mimi. Huku kwetu nani asiyefanya hivyo? Mama akichuja tui la mafuta, kinachobaki viganjani anamalizia kwenye mikono, shingoni, kwenye magamba ya visigino. Mtu anayefuta mafuta ya nazi kwa kitambaa anaonekana amelelewa vibaya. Niliona kitu cha kila siku, na cha kila siku hakikumbukwi. Sikuuliza mkono wake umeingia mafuta ya nini wakati kazi ilikuwa ya mpira.

Kesho yake asubuhi nikaondoka.

Mpaka Pangani nilikwenda salama. Nikavuka na kivuko, nikapita Mwera kupakia kiroba cha sare, nikashika njia ya Mkwaja. Saa sita, jua kali, usukani umepata moto. Baada ya Mwera kuna mahali barabara inapanda na mchanga umejaa kwenye nyayo za malori. Pale unalazimika kuuvuta usukani kwako ili gurudumu la mbele lisizame. Nimepita pale mara zisizo na hesabu. Nikauvuta.

Mkono wa kushoto ukaja peke yake.

Ukaja na mpira wake, kama mtu anavyovua soksi. Wa kulia ukabaki unavuta upande mmoja, pikipiki ikageuza shingo, nikatupwa kushoto na kiroba cha sare juu yangu. Nilisikia kifundo cha mkono kikisema ka! Nilipofumbua macho nimelala kwenye mchanga, na mpira nimeukamata ngumi, sijauachia. Nilikuwa naushika vizuri kweli kweli. Kilichokuwa hakishikwi ni bomba.

Kijana wa bodaboda aliyeniokota aliniondolea mpira vidoleni ili anifunge mkono kwa kanga, akautupa kwenye mkonge. Simlaumu, alikuwa anaokoa mtu. Lakini ushahidi wangu ulikwenda pale.

Mfupa uliunga vibaya. Kifundo kimepinda kwa nje, vidole viwili havikunji. Fundi cherehani mwenye mkono wa kushoto wa hivyo anashona mstari ulionyooka tu. Kola siwezi tena, mikono ya blauzi siwezi, mifuko naomba msaada. Wakati ule nilikuwa nawashonea wanafunzi wa shule nne. Leo nashona mapazia na foronya.

Nikiwa bado na plasta, kaka alikuja kunitazama. Nilimweleza: mpira ulichomoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa kwa upole. Upole ule ndio ulioniudhi zaidi.

"Mdogo wangu, mpira hauchomoki hivi hivi. Uliachia. Ulichoka, jua kali, ukaachia. Si aibu. Pikipiki ile ni nzito, haikuumbiwa mwanamke."

"Nimeiendesha miaka thelathini."

"Na mwaka wa thelathini na moja ukaachia."

Akaichukua pikipiki kwa gari la mizigo mpaka kwake, akaifunika turubai nyuma ya nyumba. Fundi naye alipoulizwa akasema wallahi yeye aliiweka mipira imekaza, yeye mwenyewe aliivuta. "Mwanamke akiona bonde anafumba macho," akawaambia waliokaa bandani. Nikaletewa maneno yale nyumbani kama yalivyo, na aliyeyaleta alikuwa anacheka.

Msikitini walilisema, kanisani wakaliombea. Mama mmoja wa umoja wetu wa wanawake kanisani aliinuka akashukuru kwamba nimeponywa na sasa nitatulia. Nitulie! Mtu anavunjwa mkono, halafu wanasema Mungu kamfundisha adabu.

Na adabu nilikuwa nayo, ndiyo balaa. Kila nikienda kwa kaka lazima nipite kona ile. Fundi ni mkubwa kwangu. Nikipita bila salamu, mimi ndiye nitakayeonekana mwenye kasoro. Kwa hiyo miaka sita, mkono umepinda, nimempa shikamoo mtu aliyeupinda. Naye anaitika marahaba na kuongeza, "Mkono unaendeleaje mama? Bado tu haujanyooka?" Kwa sauti ya huruma. Ningeweza kumng'ata.

Lakini jambo baya kuliko yote nitalisema hapa, sijawahi kulisema. Nilianza kuwaamini. Mwaka wa kwanza nilibisha. Mwaka wa pili nilinyamaza. Kufika mwaka wa nne nilikuwa nalala nikiuona ule mchanga, na katika kuuona, vidole vyangu vinafunguka vyenyewe. Nikajiambia labda ni kweli. Labda niliachia. Mtu akikuambia jambo kwa upole kila siku, linaingia. Nikawa siendi nyuma ya nyumba ya kaka kuitazama pikipiki, kwa aibu.

Mwaka huu, Jumatatu moja baada ya masika, kaka akanipigia simu.

"Nimepata mtu wa ile pikipiki. Ana hoteli ufukweni. Anaitaka aiweke bustanini."

"Aiweke afanye nini?"

"Pambo. Wazungu wanapenda. Ataipaka rangi nyekundu, juu ya kiti ataweka chungu cha maua. Anakuja kuichukua Ijumaa."

Pikipiki ya baba, ioteshwe maua kitakoni!

"Ni yangu," nikasema.

"Ni yako, sijakataa. Lakini huiendeshi. Na kuendesha huwezi, wewe mwenyewe unajua kwa nini. Sasa imekaa inaozea kwangu. Kama ungekuwa unaweza, ningekuletea mlangoni."

"Usiitoe mpaka nije."

Siku ya pili nikaamka mapema, nikaja Tanga mjini, nikaenda kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayeuza spea za zamani, vitu vilivyolala kwenye makopo tangu enzi za baba. Akanipatia mipira miwili ya usukani yenye tundu pana, tundu lake hasa, bado ina unga wa kiwandani. Nikaitia kwenye mkoba pamoja na wembe wangu wa kufumulia nyuzi, kipande cha sabuni ninachochorea vitambaa, brashi, na petroli kidogo kwenye chupa ya maji. Sikuwa na mpango wa kumshinda mtu. Nilisema kama inakwenda kuwa chungu cha maua, itakwenda imevaa.

Nikafika kwa kaka. Akanifunulia turubai, akarudi kwenye kivuli na chai yake, akinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa akila.

Nilianza na mipira ya kukanyagia. Ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Wa kiki ukatoka mzima. Ya magotini niliing'oa kwa kuibembeleza kwa upande wa nyuma wa kijiko, gundi ikaachia kidogo kidogo. Upande wa kushoto wa usukani hapakuwa na cha kutoa. Bomba tupu, kutu imelila, miaka sita halijavaa kitu. Nililigusa, nikaona haya, nikahamia kulia.

Mpira wa kulia ulikuwa ule ule wa bodaboda aliouvalisha fundi siku ile ile, mkono ule ule. Huu haukuwahi kuchomoka kwa sababu siku ya ajali sikuuvuta kwa nguvu. Mkono wa kulia ulikuwa unashughulika na kuongeza mwendo na breki. Na baada ya ajali hakuna aliyeipanda pikipiki tena. Niliupindua, ukazunguka. Nikaupindua tena, ukazunguka wote, bomba la kuongezea mwendo lililo ndani yake halisogei, unateleza juu yake kama kizibo. Mpira uliokaa miaka sita pahali pamoja ulitakiwa uwe umeganda.

Ningeweza kuuvuta ukatoka. Badala yake nikachukua wembe, nikaupasua kwa urefu, kama unavyompasua samaki changu tumbo. Nikaufungua.

Harufu ikaja kabla ya kuona. Mafuta ya nazi, yamechacha, harufu ya chombo cha kuungia kilichosahauliwa. Ndani ya mpira kulikuwa na utando wa manjano unaonata, na kule mwisho, kwenye kizibo, ambako hewa haiingii, mafuta yalikuwa bado mafuta. Mpira wenyewe umevimba na kulegea kama ulimi.

Nikaiona tena ile miundi inayometa. Mafuta hayatupwi, mama.

Sikulia. Nilikaa chini kwenye vumbi na kile kipande mkononi, na jambo lililonijia si furaha. Ilikuwa hasira ya kuona kwamba kilikuwepo hapa muda wote. Hatua kumi kutoka jikoni kwa kaka. Angekivuta siku moja tu, siku moja katika miaka sita, angejua. Na mimi ningekuja siku moja bila aibu, ningejua.

"Kaka, njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Njoo."

Akaja na kikombe chake. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii harufu ya wali wa jana."

"Iko ndani ya mpira wa pikipiki. Wali umefikaje huko?"

Akaugeuza, akausugua kwa kidole. Uso ukabadilika kidogo, halafu akaurudisha ulivyokuwa. "Inaweza kuwa grisi. Grisi ikizeeka inanuka."

"Basi mwite aliyeiweka."

"Dada, usianze ugomvi na mzee wa watu."

"Kama ni grisi hakuna ugomvi. Mwite. La sivyo naenda nao bandani, nanusisha kila aliyekaa pale."

Kaka hapendi fedheha mtaani. Akatuma salamu kwamba kuna pikipiki ya kutazamwa, na fundi akaja mwenyewe taratibu, kofia yake kichwani, bisibisi mfuko wa juu. Nikasimama. Nikampa shikamoo. Nilijisikia nikiitoa, na nikajichukia.

"Marahaba mama. Alaa, kipusa chako bado kipo! Nilisikia kinakwenda hotelini."

"Fundi, huu mpira uliuvalisha wewe?"

"Kama ni kazi nzuri, ni yangu." Akacheka, kaka naye akacheka kidogo.

"Uliingizia nini?"

Akautazama mpira uliopasuliwa. Hakuuchukua mara moja. "Miaka sita hiyo, mama. Nani anakumbuka? Grisi. Grisi nyepesi ya kiwandani. Ndiyo tunayotumia sote."

"Hebu ushike, uutazame vizuri. Wewe ndiye fundi, sisi hatujui."

Akaushika. Akaingiza vidole viwili kule mwisho, kwenye mafuta yaliyobaki, akayasugua kwa kidole gumba kama anayepima kitambaa. Akajifanya anafikiri.

"Naam. Grisi. Imezeeka tu, imepata joto. Hii ukiiacha miaka inatoa harufu kama..."

Na huku anaongea, mkono wake wa kulia ukavuka kifua, ukaenda kwenye kiwiko cha kushoto, ukaanza kukipaka. Mizunguko midogo midogo, kwa kutulia, mpaka kikameta. Alipomaliza akahamishia kilichobaki kiganja cha kushoto, akamalizia kwenye kiwiko cha pili.

Kikombe cha kaka kilikuwa kimesimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

Fundi akaona tunatazama wapi. Akatazama na yeye. Viwiko viwili vinang'aa juani.

"Fundi," kaka akasema polepole, "grisi mtu anajipaka?"

"Mazoea tu."

"Mazoea ya grisi?"

Akavuta mikono ya shati chini, akaifunga vifungo, kana kwamba tungesahau. "Tundu lilikuwa jembamba," akasema. "Halikukubali. Nazi ilikuwa pale. Wengi wanaweka nazi, mama, wala hawaanguki."

"Nilikuambia sabuni."

"Uliniambia," akasema. Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, "Basi, yaliyopita ni mipango ya Mungu."

Hapo nilipandwa. Nilimwambia kwa sauti ambayo majirani waliisikia kwamba asimsingizie Mungu. Mungu hakuwa na chupa ya nazi bandani siku ile. Kwamba nilimwambia sabuni akacheka. Kwamba watu walionisema nimefumba macho waliyatoa maneno kwake. Fundi alitembea kwa haraka kuliko alivyokuja. Kesho yake alikuwa bandani kama kawaida, redio inaimba, na kwa ninavyomjua, chupa bado iko rafuni. Mwenye pikipiki anayepita kona ile na asome hapa: ukiona viwiko vya fundi vinang'aa, vuta mipira yako kabla hujapanda.

Kaka alikaa kwenye ngazi. Nilingoja aseme. Nilimngoja kama mtu anavyongoja maji ya bomba. Alichosema ni, "Sasa huyu wa hoteli nitamwambiaje?"

"Mwambie mwenyewe anaitumia."

Akanyanyuka, akapiga simu upande wa pili wa nyumba. Niliisikia sauti yake ikisema hapana, hapana bwana, haipo tena, mwenyewe anaitumia. Samahani aliitoa mara tatu kwenye simu ile, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Kwangu hajaitoa mpaka leo.

Nikaendelea na kazi. Bomba la kushoto nilisugua kutu kwa msasa, nikafuta kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kulia vile vile, mara nne, maana mafuta yalikuwa yameingia mpaka kwenye vishimo vya chuma. Nikalowesha mpira kwa maji ya sabuni, kidogo. Vidole vyangu viwili havikunji, kwa hiyo nikausukuma kwa kiganja na kifua, mkupuo mmoja, bila kupumzika. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Nikamwambia kaka hakuna kugusa mpaka kesho.

Nililala kwake. Asubuhi, jua limeshapanda, nikamwita nyuma ya nyumba. Akaja na shati la kazini.

"Vuta," nikamwambia.

"Nini?"

"Mpira wa kushoto. Ushike kwa mikono miwili, uvute."

Akavuta kwa aibu aibu, kama anayeshika mkono wa mgeni.

"Vuta tena."

Akaweka mguu mmoja nyuma, akakaza meno, akavuta kwa uzito wake wote, mwanamume mzima wa kilo za kutosha. Mpira haukusogea hata unywele. Pikipiki ndiyo iliyoruka kwenye standi yake ikamfuata, akaidaka kifuani, akabaki ameikumbatia, ananitazama juu ya usukani.

"Tena," nikasema.